Franklin yupi ukutani? Chapa nne za karne ya 18 zikiwekwa bega kwa bega

Wengi wetu tunaijua sura ya Benjamin Franklin, mchapaji, mwanasayansi na mwanadiplomasia Mmarekani wa karne ya 18, bila kumjua Franklin mwenyewe. Ni yule mzee wa noti ya dola 100: kipara mbele, nywele zimeshuka hadi mabegani, midomo imefungwa, macho yanakutazama kana kwamba umetaja bei asiyoiamini. Goma na Lubumbashi, ambako dola inatumika sokoni pamoja na faranga, mbadilisha fedha huipapasa noti kwa kidole kwanza, kisha huiinua kwenye mwanga atafute sura ileile ndani ya karatasi. Dar es Salaam na Nairobi nako, noti za zamani zenye kichwa kidogo hukataliwa au hupewa kiwango cha chini. Kwa hiyo mtu akikuambia anatafuta picha ya Franklin ya kutundika ofisini, darasani au maktaba, kinachokujia kichwani ni sura ya noti.

Sura hiyo ni moja tu, na kwa maoni yangu si ndiyo inayotueleza mengi. Enzi za uhai wake Franklin alichorwa, na sura yake ikachapishwa, mara nyingi mno. Mwaka 1779, akiwa balozi Ufaransa, alimwandikia binti yake Sarah kwamba picha, sanamu na chapa zake zimeenea kila mahali, hata uso wake sasa unajulikana sawa na uso wa mwezi, na kwamba hathubutu kufanya kosa la kumlazimu kukimbia maana popote atakapokwenda atatambulika. Utani huo ulikuwa na ukweli ndani yake.

Nimezichukua nne kati ya chapa hizo, yaani picha zilizochapwa kwenye karatasi kutoka bamba lililochongwa, zile ambazo mtu anayetafuta leo atakutana nazo haraka kwenye makumbusho, kwenye minada au kwenye hifadhi za picha za mtandaoni. Ya kwanza ni ya Edward Fisher, London, 1763. Ya pili ni ya Augustin de Saint-Aubin, Paris, 1777. Ya tatu ni ya Juste Chevillet, Paris, 1778. Ya nne ni ya Edward Savage, 1793. Zote zimetoka kwenye bamba la shaba, lakini si kwa njia moja, na tofauti hiyo ya njia ina uzito kuliko watu wanavyodhani, hasa kama unapanga kuichapisha nakala mwenyewe.

Fisher, 1763: mtu anayesikiliza kengele

Hii ilitokana na picha ya rangi aliyoichora Mason Chamberlin mjini London mwaka 1762, ambayo leo iko kwenye Jumba la Sanaa la Philadelphia. Franklin ana umri wa miaka 56. Ameketi, amevaa wigi na suti ya kawaida ya bwana wa mjini, kalamu ya unyoya mkononi. Ni wazi alikuwa anaandika. Lakini hatazami karatasi wala hakutazami wewe: kichwa amekigeuzia pembeni, kwenye kengele mbili ndogo zilizotundikwa nyuma yake.

Kengele hizo hazikuwekwa kwa urembo. Septemba 1752, nyumbani kwake Philadelphia, Franklin alisimamisha fimbo ya chuma juu ya paa, akashusha waya hadi ndani ya nyumba, akaweka kengele mbili na katikati yake kijipira cha shaba kilichoning'inia kwa uzi wa hariri. Wingu lenye umeme likipita juu, kijipira kinachezacheza na kengele zinalia. Yeye alikuwa anapata taarifa kwamba umeme umefika, basi anaamka kwenda kufanya majaribio. Mkewe Deborah hakuona raha hata kidogo. Mwaka 1758, mume akiwa London, ilibidi amwelekeze kwa barua namna ya kuunganisha waya ili zinyamaze.

Sasa tazama dirishani, ambako pazia limevutwa. Nje kuna dhoruba. Radi inapiga, majengo yanaporomoka. Nyumba moja imesimama na juu yake kuna fimbo nyembamba iliyochongoka: kinga radi, uvumbuzi wake mwenyewe. Ukiisoma picha kwa mpangilio huo, kalamu, kengele, dirisha, unapata habari nzima: mtu ameacha kuandika kwa sababu chombo chake kimemwambia kitu, na kitu chenyewe kinatokea nje wakati huohuo. Kati ya hizi nne hakuna nyingine yenye tukio ndani yake.

Chini imeandikwa jina lake, "B. Franklin of Philadelphia", likifuatwa na herufi za shahada ya udaktari wa sheria na za uanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya London. Utaona hakuna neno la siasa. Mwaka 1763 Marekani haikuwapo kama nchi, na Franklin alikuwa raia wa mfalme wa Uingereza asiye na tatizo kubwa na mfalme huyo. Ukitaka kiongozi wa mapinduzi, hapa humpati. Unampata mtu kabla historia haijamchukua.

Na yeye mwenyewe aliipenda. Alizituma nakala kwa marafiki na jamaa ng'ambo ya bahari. Alipopeleka fungu la chapa hizo Boston, alisema hiyo ndiyo njia pekee iliyobaki ya yeye kuwatembelea marafiki wa huko, akatumaini kwamba kukaa kwao siku nyingi kwa umbo hilo hakutawachosha.

Kuna jambo ambalo picha hailionyeshi, na mwenye kuitundika shuleni afadhali awe nalo mdomoni mtoto akiuliza. Franklin alipokwenda London mwaka 1757 alifuatana na watumwa wawili, Peter na King. King alitoroka huko Uingereza, Peter akabaki naye. Alikuja kubadilika uzeeni: mwaka 1787 akawa rais wa chama cha Pennsylvania cha kupinga utumwa, na Februari 1790, miezi miwili kabla hajafa, alitia saini ombi kwa Bunge la Marekani la kutaka utumwa ukomeshwe. Yote mawili ni yake. Kwa sisi wa pwani hii, ambayo soko lake la watumwa Unguja lilikuja kufungwa mwaka 1873, haipendezi kumsifu mtu kwa la pili na kulinyamazia la kwanza.

Kwa upande wa ufundi, Fisher alitumia mezotinti. Bamba zima la shaba hukwaruzwa kwanza kwa chombo chenye meno mengi mpaka uso wote uwe na vinyweleo vinavyokamata wino. Ukilichapa hapo, karatasi inatoka nyeusi tupu. Kisha fundi anakwangua na kulainisha pale anapotaka mwanga: paji la uso, ukingo wa kola, karatasi mezani. Anachora kutoka gizani kwenda kwenye nuru. Matokeo yake ni weusi mzito wenye kina na vivuli visivyo na mistari. Ubaya ni kwamba vinyweleo hivyo husagika upesi. Nakala za mwanzo zina kina, zile za baadaye zimefifia na uso umekuwa wa kijivu. Kwa hiyo ukiambiwa "ni Fisher ya asili", hujaambiwa kitu bado. Uliza ni ya mapema au ya mwisho mwisho, yaani tazama kama dhoruba ya dirishani inasomeka.

Saint-Aubin, 1777: kofia

Franklin alifika Ufaransa Desemba 1776 akiwa na miaka 70, ametumwa kutafuta fedha, silaha na mshirika wa vita vya Marekani vya kudai uhuru kutoka Uingereza. Ndani ya miezi michache Charles-Nicolas Cochin alikuwa amemchora na Saint-Aubin amechonga bamba. Hakuna kengele, hakuna dirisha, hakuna kiti. Kuna mzee anayeonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, koti lisilo na pambo lolote, miwani puani, na kofia kubwa ya manyoya iliyoshuka hadi karibu na miwani.

Ili uielewe kofia hiyo lazima umweke Paris ya wakati ule, ambako mwanamume wa heshima hakutoka nje bila wigi lililopakwa poda. Februari 1777 Franklin alimwandikia rafiki yake wa kike akimtania amwazie: amevaa kikawaida kabisa, nywele zake nyembamba za mvi zinachungulia chini ya kofia ya manyoya, katikati ya vichwa vyote vya Paris vilivyopakwa poda. Alijua vizuri anachofanya. Wafaransa waliona ndani yake mzee mwenye hekima kutoka msituni, wengine wakamdhania Mkweka, yaani mfuasi wa dhehebu la Kikristo linalovaa bila mapambo, kwa mavazi yake, na yeye hakujisumbua kuwasahihisha. Huyu alikuwa mtu aliyeishi London zaidi ya miaka 15 na aliyezoea meza za wakubwa. Msituni hakuwa ametoka hata siku moja.

Kwa hiyo chapa hii ni picha ya diplomasia ikiwa kazini. Vazi lenyewe ndilo hoja. Tarehe 6 Februari 1778 Ufaransa ilitia saini mkataba wa ushirikiano na Marekani, na mwezi uliofuata Franklin aliingia Versailles mbele ya mfalme bila wigi na bila upanga. Chapa ilikuwa imeshamtangulia: watu walimjua kwa sura kabla hajapita mlangoni. Ilinakiliwa na wachongaji wengine hata nje ya Ufaransa, ikawekwa kwenye kila kitu. Simulizi ya mjakazi mmoja mkubwa wa malkia inasema Louis wa 16 alichoshwa na bibi mmoja wa ikulu aliyekuwa hamalizi kumsifu Franklin, akamtengenezea chungu cha kukojolea cha kauri chenye sura ya Franklin ndani, chini kabisa.

Maandishi ya chini ni mafupi: jina, na kwamba alizaliwa Boston, "Nouvelle Angleterre" (Uingereza Mpya), tarehe 17 Januari 1706. Bila cheo. Naipenda tabia hiyo. Jina lilikuwa limetosha.

Ufundi wake ni kinyume cha Fisher. Hapa kila kitu ni mistari iliyochongwa kwa patasi nyembamba: inakaribiana penye giza, inaachana penye mwanga, inapinda kufuata duara la shavu. Sogea karibu na manyoya ya kofia uone namna fundi alivyoacha mistari mifupi mifupi isiyofuata mwelekeo mmoja, wakati koti limepewa mistari mirefu iliyotulia. Kwa mistari tu, bila rangi, unajua kipi ni laini na kipi ni kizito. Na ni chapa ndogo, urefu wake kama sentimita 20. Iliuzwa ibebwe, ibandikwe kwenye albamu, ipitishwe mkono kwa mkono. Ya Fisher ina urefu wa karibu sentimita 38 na ilitengenezwa kutundikwa.

Chevillet, 1778: ndugu wa noti

Hapa sitakaa sana. Joseph-Siffred Duplessis alimchora Franklin mwaka 1778, koti lenye kola ya manyoya, kichwa wazi, na Chevillet akachonga chapa mwaka huohuo. Picha ya rangi iko kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Metropolitan, New York. Uso wa noti ya dola 100 unatokana na kazi za Duplessis, ndiyo maana kila anayeiona chapa hii husema "huyu namjua".

Ni picha nzuri. Uso una uchovu wa kweli, kope nzito, na hakuna maigizo ya kofia. Tatizo langu liko chini ya uso: pale pana mishororo minne ya Kifaransa inayomwita Franklin fahari ya Dunia Mpya na ya ubinadamu, na kumaliza kwa kudai kwamba ndani ya umbo la binadamu amejificha mungu. Ukutani kwa mtu asiyesoma Kifaransa haina shida. Kinshasa, Bujumbura au Lubumbashi, mgeni wako ataisoma kabla hajakaa.

Tena kuna suala la noti yenyewe. Mgeni akiingia ofisini kwako akakuta mzee wa dola 100 ndani ya fremu, atafikiri juu ya fedha kwanza, utake usitake. Kama ofisi ni ya kubadilisha fedha, sawa. Kama ni chumba cha historia, umeanza na mguu mbaya. Hata hivyo kuna jambo moja tamu kwenye uhusiano huu: Franklin alikuwa mchapa noti. Alichapa fedha za karatasi za Pennsylvania na makoloni ya jirani, na ili kuwashinda waghushi alibuni njia ya kuhamisha umbo la jani halisi la mti, na mishipa yake yote, kwenye noti. Hakuna mchongaji aliyeweza kuiga mishipa ile kwa mkono.

Savage, 1793: msomaji wa hati

Savage, Mmarekani, aliichapa hii kwa mezotinti miaka mitatu baada ya Franklin kufa, kutoka kwenye picha aliyoichora David Martin mjini London mwaka 1767. Picha hiyo ya Martin leo iko Ikulu ya Marekani. Franklin amevaa wigi, miwani puani, ameshika karatasi kwa mkono mmoja na kidole gumba cha mkono wa pili kimegusa kidevu. Anasoma kweli. Mezani kuna sanamu ya kichwa cha Isaac Newton inayomtazama, ishara ambayo haihitaji mkalimani. Aliyeagiza picha alikuwa mfanyabiashara wa Edinburgh, Robert Alexander, na inaelezwa kwamba ilikuwa shukrani baada ya Franklin kupitia hati za mgogoro wa mali na kumshauri.

Wakili au msuluhishi akiniuliza, namwambia achukue hii bila kufikiri mara mbili. Kwa wengine naiona nzito kidogo. Fanicha ni nyingi, na Newton anakula nafasi.

Kwa hiyo, ipi?

Nikiziweka zote nne mezani, kura yangu ni ya Fisher, na sababu yangu ni wosia. Mwaka 1788 Franklin aliandika wosia wake, na kwenye mstari wa kwanza alijitambulisha kama mchapaji wa Philadelphia. Ubalozi Ufaransa na urais wa Pennsylvania vilifuata baada ya hapo. Mtu huyo alijihesabu kwa kazi ya mikono yake. Katika chapa zote nne hakuna hata moja inayoonyesha mtambo wa kuchapia, lakini ya Fisher ndiyo inayomwonyesha kazini: kalamu, chombo alichokiunda, na matokeo yake nje ya dirisha. Zile za Paris zinaonyesha namna alivyotaka kuonekana. Ile ya Savage inamheshimu marehemu.

Mwalimu wa fizikia hana haja ya kusita. Darasa zima linaweza kufundishwa kutokana na chapa moja ya Fisher: chaji, mkondo wa ardhini, kwa nini fimbo ilichongoka. Na nchi zetu si ngeni kwa radi. Anayekaa kando ya Ziwa Victoria anajua kwamba paa la bati bila kinga si jambo la mzaha. Mwenye kiwanda cha uchapaji naye nampa Fisher, ingawa najua atavutwa na noti.

Lakini kuna kikwazo, nacho ndicho kinachonifanya nisiwape wote jibu moja. Mezotinti ni ngumu kunakili. Ukipeleka faili la Fisher kwenye steshenari ya kawaida wakalitoa kwa mashine ya leza, weusi wote unashikana kuwa bonge moja. Dirisha linapotea, kengele zinapotea, unabaki na mzee aliyegeuza shingo bila sababu. Saint-Aubin haina shida hiyo. Mistari yake inavumilia hata mashine ya fotokopi. Kama bajeti yako ni ya steshenari ya mtaani, chukua kofia, utapata picha safi. Kama unaweza kulipia uchapaji wa wino wa rangi za kudumu kwenye karatasi ya pamba isiyong'aa, chukua kengele.

Vipimo navyo vinaamua. Saint-Aubin kwa ukubwa wake halisi inakaa vizuri kwenye A4 na pambizo zikabaki. Kwa ubora wa vitone 300 kwa inchi unahitaji faili lenye urefu wa pikseli kama 2,400. Fisher inataka A3 na pikseli kama 4,500. Usiikuze Saint-Aubin ijae ukuta. Mistari iliyochongwa kutazamwa kwa umbali wa mkono huanza kuonekana mikavu ukiitanua mara tatu, na kofia inageuka kichaka.

Ya asili au nakala

Mafaili hayana gharama. Metropolitan iliachia picha za kazi zake zisizo na hakimiliki mwaka 2017, na Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, ikafuata mwaka 2020. Metropolitan wana hazina kubwa ya Franklin kwa sababu mwaka 1883 walipewa zawadi ya mkusanyiko wa William H. Huntington, Mmarekani aliyeishi Paris akikusanya picha za Franklin, Washington na Lafayette. Kwa mtu anayetaka tu picha ukutani, sioni sababu ya kununua ya asili.

Ila wapo Waswahili wa Philadelphia, London au Muscat wanaopita kwenye minada na maduka ya vitu vya kale, na huko bei inaweza kukupumbaza. Karne ya 19 na ya 20 zilizalisha nakala nyingi mno za sura hizi, nyingine zikikatwa kutoka kwenye vitabu na kuuzwa kama chapa. Nakala hizo si haramu, ila zisiuzwe kwa bei ya zile za kwanza.

Kinachosaidia ni kwamba tayari unajua namna chapa ya bamba inavyojisikia mkononi. Ile papasa ya mbadilisha fedha kwenye bega la Franklin inatafuta jambo hilihili: noti nayo huchapwa kwa bamba lililochongwa, karatasi ikisukumwa kwa nguvu hadi ndani ya mistari, wino ukabaki umeinuka. Chapa ya mwaka 1777 ilitoka kwa njia ya ukoo huo. Usiipapase kwa kidole, bali iinamishe pembeni ya taa uone kama mistari ina mwinuko. Tafuta pia alama ya bamba, yaani bonde dogo la mstatili kuizunguka picha pale shaba ilipoikandamiza karatasi. Kisha chukua lenzi. Ukikuta vitone vilivyojipanga kwa safu, hiyo ni nakala ya kiwandani, mazungumzo yameisha. Saint-Aubin ya kweli ina mistari yenye ncha kali. Fisher ya kweli ina mkwaruzo laini usio na mpangilio.

Mwisho iinue kwenye mwanga. Karatasi ya kizamani iliyotengenezwa kwa ungo wa waya huonyesha mistari myembamba iliyobanana, ikikatwa na mingine michache iliyoachana. Karatasi nyeupe pe, laini na isiyo na alama yoyote ndani, kwenye chapa inayodaiwa kuwa ya Paris ya 1777, ni sababu ya kurudisha pochi mfukoni. Alama ya bamba peke yake isikutie imani: kuna nakala za baadaye zilizochapwa kwa bamba lililotengenezwa kwa njia ya kupiga picha, nazo zina bonde lake.

Hali ya karatasi ina uzito sawa na umri wake. Pambizo zilizokatwa hadi ndani ya alama ya bamba hushusha thamani sana, kwa sababu zimeondoa ushahidi na mara nyingine maandishi. Madoa ya kahawia yanaweza kutibiwa na mtaalamu, kwa gharama. Kama muuzaji anauza kwa picha za mtandaoni, mwombe picha ya mgongo wa karatasi. Mgongo hauna ustadi wa kudanganya: gundi ya albamu, selotepu ya zamani, mihuri, yote iko huko.

Fremu, kwa hewa yetu

Dar, Mombasa, Unguja: adui wa karatasi ni unyevu. Karatasi ikigusana na kioo, mvuke unaganda katikati, ukungu unaota, na wino unaweza kung'ang'ania kwenye kioo. Kwa hiyo lazima pawe na kadibodi ya kuzungushia picha, isiyo na asidi, inayoacha nafasi. Mgongoni mafundi wetu wengi huweka hadibodi kwa sababu ni rahisi na ngumu. Hadibodi inatoa asidi, na baada ya miaka michache karatasi inageuka rangi ya chai. Weka kadibodi isiyo na asidi katikati, hadibodi ibaki nje kama ni lazima. Acha upenyo kati ya fremu na ukuta, hasa ukuta wa nje unaopigwa na mvua, na mchwa usiwasahau.

Mwanga ni wa pili. Makumbusho huziweka kazi za karatasi kwenye mwanga hafifu, kama laksi 50, na bado huzipumzisha. Wewe huna haja ya kufika huko kwa nakala ya A3, lakini usiitundike inapotazamana na dirisha la mchana. Kwa chapa ya asili nunua kioo kinachozuia miale ya urujuanimno, au tundika nakala, ile ya asili ibaki kwenye jalada.

Na ukimpelekea fundi wa fremu, kaa naye mpaka amalize. Mwambie: hakuna gundi, hakuna selotepu, picha inashikwa kwa vipande vya karatasi nyembamba na uji wa wanga upande wa juu tu. Akisema chapa haienei kwenye fremu aliyonayo na akaanza kutafuta mkasi, mnunulie fremu nyingine.